Duka la mtandaoni limeingiliwa? Anza na dalili unayoiona

Wengi hunipigia simu wakiwa wameshafuta. Wamefuta WhatsApp wakaipakua upya, wamefuta jumbe za tapeli kwa hasira, au wamemwambia kijana wa tovuti afute kila kitu aanze moja. Ushahidi umeondoka nao. Kwa hiyo, kabla ya lolote: usifute. Piga skrinishoti za kila kitu cha ajabu, namba na saa vikionekana, kisha tafuta simu au kompyuta nyingine usiyoitilia shaka ufanyie kazi huko.

Lingine ni hili, na mengine yote hapa chini yameliegemea: dalili inaonekana dukani, lakini mwizi mara nyingi kaingilia kwingine. Instagram ikichukuliwa, angalia barua pepe. Barua pepe ikichukuliwa, angalia laini ya simu, maana namba za kurejesha nenosiri zinatumwa huko. Basi mpangilio wa kufunga ni laini kwanza, barua pepe, akaunti za pesa, halafu ndiyo mitandao ya kijamii na tovuti. Ukianzia Instagram, utabadili nenosiri saa nne, na saa nne na nusu mwizi atalibadili tena kupitia barua pepe ambayo bado anaisoma.

Simu yangu haina mtandao, ya jirani inao

Zima, washa, kisha hamishia laini kwenye simu nyingine. Ikiwa bado inaandika hakuna huduma, na wenzako wa mtandao huohuo wanapiga kama kawaida, chukulia kwamba mtu ameirudisha laini yako kwenye kadi yake. Inawezekana kweli kadi imechakaa tu. Lakini kadi iliyochakaa inaweza kungoja hadi kesho, na hili jingine haliwezi kungoja hata chakula cha mchana.

Chukua simu ya mtu wa mtandao uleule, piga 100 ikiwa uko Tanzania, omba laini na akaunti ya pesa vifungwe vyote viwili. Ukisema laini peke yake, huenda wakafunga laini peke yake. Piga na benki kama unatumia huduma za benki kwa namba hiyo. Halafu nenda duka la mtandao wenyewe na kitambulisho chako, siyo kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli.

Nawaheshimu mawakala, wengi ni watu wema. Ila tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Tanzania mwaka 2019, ule mchezo wa "kidole hakijasoma, weka tena" umewaacha watu na laini wasizozijua zikiwa kwa majina yao. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, ikatae dukani kwa mtandao husika. Walioko Kenya na wanatumia Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini isirudishwe na wakala yeyote, ila kwenye maduka ya kampuni tu.

Na kama unauza mtandaoni, tenganisha namba. Ile uliyoibandika kwenye mifuko, kwenye wasifu wa Instagram na kwenye mlango wa fremu isiwe ndiyo inayopokea namba za siri za benki na barua pepe. Laini ya pili haina gharama kubwa, na namba ambayo tapeli haijui hawezi kwenda kuirudisha.

Wateja wanasema nimewaomba hela

Hapa kuna visa vitatu tofauti vyenye sura moja, na ukikosea kuvitofautisha utahangaika siku nzima. Jiulize kwanza: je, wewe bado umo ndani ya WhatsApp yako?

Ikiwa umetolewa, na simu inakuambia namba yako haijasajiliwa tena hapo, mtu ameisajili kwenye simu yake. Karibu kila mara aliyemfungulia mlango ni mwenye duka. Ujumbe ulikuja kutoka kwa mtu wa kwenye kikundi, pengine kikundi cha wazazi au cha mchezo: "Samahani mama Neema, kuna namba sita nimezituma kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie." Mama Neema akarudisha. Huyo wa kwenye kikundi naye alikuwa ameshachukuliwa asubuhi yake. Dawa yake ni kuisajili namba yako upya: ingiza namba, pokea tarakimu sita kwa SMS, ziweke, na mwizi hapohapo anatolewa. Ikiomba PIN ya hatua mbili ambayo hukuiweka wewe, ujue aliiweka yeye. Itabidi ungoje siku 7 ndipo uweze kuingia bila PIN hiyo, lakini katika siku hizo naye hayumo. Tumia muda huo kuwapigia wateja kwa sauti.

SMS ya zile tarakimu isipofika kabisa, piga *#21# uangalie kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba usiyoijua. WhatsApp inaweza kutoa tarakimu hizo kwa kupiga simu, na kuna matapeli wanaomshawishi mtu apige namba fulani "ya kuboresha laini" ambayo kumbe inahamisha simu zake. ##002# hufuta uelekezaji wote.

Ikiwa bado umo ndani, unachati kama kawaida, na bado watu wanapokea jumbe zako ambazo hukuziandika, basi kuna kifaa kimeunganishwa. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Utakuta kompyuta usiyoijua, au ile uliyoitumia kuchapa risiti kwenye stesheneri ukaondoka bila kutoka. Itoe. Hiki kisa cha pili ni kibaya kuliko cha kwanza kwa jambo moja: aliyesajili namba yako kwenye simu yake hapati mazungumzo ya zamani yaliyobaki kwenye simu yako, lakini aliyeunganisha kifaa anayasoma, pamoja na anwani za wateja na nani anadaiwa ngapi. Ukiwa na wasaidizi wanaojibu wateja, pitia orodha hiyo kila mtu anapoacha kazi. Nimeshakuta tarakilishi ya kijana aliyeondoka miezi mingi nyuma ikiwa bado inapokea oda. Hakuwa mwizi, alikuwa amesahau tu, lakini ndugu zake wote waliitumia mashine ile.

Kisa cha tatu, hakuna chako kilichoguswa. Mteja aliyefura anakuja na skrinishoti, ukiisoma namba si yako, au jina la Instagram lina herufi moja ya ziada. Mtu kanakili picha zako zote, anawavizia wanaouliza bei kwenye maoni yako, anawajibu yeye kabla yako. Kubadili nenosiri hapa ni kupoteza muda. Ripoti akaunti ile kwa kosa la kujifanya wewe, waombe na wateja waripoti, kisha bandika juu kabisa ya ukurasa wako namba ya malipo na jina litakalotokea mtu akilipa. Mteja aliyezoea kuona jina la duka kabla ya kuweka namba ya siri ndiye mlinzi wako bora.

Visa vyote vitatu vikipita, weka uthibitishaji wa hatua mbili wenye PIN yako mwenyewe na barua pepe ya kuirejesha. Dakika mbili.

SMS ya malipo imeingia, salio halijaongezeka

Huyu ni tapeli wa zamani na bado anakula, kwa sababu duka la mtandaoni lina haraka: bodaboda yuko nje, mteja anasema "nimeshatuma, angalia", ujumbe unafanana neno kwa neno na wa mtandao. Angalia umetoka kwa nani. Ukitoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi, ni wa uongo, hauhitaji kuuchunguza zaidi. Ukionekana una jina la mtandao, bado usiuamini peke yake, kwa kuwa jina la mtumaji nalo huigwa. Salio ndilo la kuaminiwa. Lifungue mwenyewe kwenye menyu: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *334# kwa M-Pesa ya Kenya. Usifungue kupitia linki iliyokuja kwenye ujumbe uleule unaoutilia shaka.

Chanzo halisi cha wizi huu mara nyingi ni mgawanyo wa kazi. Simu ya malipo anayo bosi Mbagala, mzigo anao msaidizi Kariakoo, na msaidizi anatumiwa skrinishoti na mteja. Skrinishoti hutengenezwa. Mpe msaidizi njia ya kuona miamala ya Lipa Namba bila kuweza kutoa pesa, au kubalianeni mzigo hautoki mpaka bosi aandike neno moja kwa mkono wake. Utapoteza wateja wawili wenye haraka kwa mwezi. Mimi ningewapoteza.

Halafu kuna yule anayelipa kweli, anachukua mzigo, kisha anaupigia mtandao simu kudai alikosea namba. Hapa kinachokusaidia ni karatasi: mazungumzo ya oda, jina la aliyepokea, picha ya mzigo ukikabidhiwa. Piga simu huduma kwa wateja mara tu unapoona muamala umezuiwa.

Ukurasa umechukuliwa, au kadi inakatwa kwa matangazo nisiyoyajua

Ukikumbuka vizuri, wiki hiyohiyo ulipokea ujumbe kwamba ukurasa wako umevunja hakimiliki na utafungwa ndani ya saa 24 usipokata rufaa kwenye linki fulani. Hapo ndipo nenosiri lilipotoka. Instagram ina sehemu ndani ya mipangilio ya usalama inayoonyesha barua pepe ilizokutumia kweli. Barua isiyokuwepo humo si yake. Kurejesha, anzia instagram.com/hacked au facebook.com/hacked. Na ukiandika hadharani kwamba umedukuliwa, watajitokeza "wataalamu" wa kurudisha akaunti kwa malipo ya awali. Usimlipe hata mmoja.

Kama hukubonyeza linki yoyote na hatua mbili zilikuwepo, tazama kompyuta ya msanifu wako wa mabango. Ina programu ya picha iliyopakuliwa bure ikiwa "imefunguliwa"? Programu za namna hiyo mara nyingi hubeba kirusi kinachoiba vidakuzi vya kivinjari, yaani vifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, na mwenye vidakuzi vyako anaingia kama wewe, hatakiwi nenosiri wala namba sita. Ukibadili nenosiri ukiwa kwenye kompyuta hiyohiyo unampa lingine. Tumia kifaa kingine, toa vifaa vyote vilivyoingia, ondoa kadi kwenye akaunti ya matangazo, ndipo uisafishe ile kompyuta kwa kuweka mfumo upya.

Msambazaji wa Guangzhou amebadili akaunti ya benki

Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu fedha inayoondoka ni ya mzigo mzima. Umeagiza, profoma (ankara ya awali) imekuja, mmekubaliana bei. Kabla hujalipa kwa TT, yaani kutuma pesa benki kwa benki, inaingia barua: benki yetu iko kwenye ukaguzi, tafadhali tumia akaunti hii nyingine. Kiingereza kilekile cha siku zote, nembo ileile, namba ya oda ni sahihi.

Kabla ya kutafuta mkosaji, mpigie msambazaji kwa sauti au video kupitia WeChat uliyonayo tangu mwanzo, siyo kwa namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Akisema hajabadili, sasa tafuta tundu.

Fungua anwani kamili ya mtumaji, siyo jina linaloonekana tu. Je, herufi m imekuwa r na n zilizobanana? Je, ukibonyeza kujibu, jibu linakwenda anwani nyingine? Hapo tapeli yuko nje, ila kuna sanduku alilolisoma, la sivyo namba ya oda kaitoa wapi. Ikiwa barua imetoka anwani halisi, sanduku la msambazaji huenda ndilo lililovunjwa. Lakini usimtupie lawama kabla hujaangalia lako. Nenda kwenye mipangilio ya barua pepe, sehemu ya usambazaji na vichujio. Wezi wa namna hii hawabadili nenosiri, hawataki ujue. Wanaweka kichujio kimoja kinachonakili kila barua yenye neno invoice kwenda kwao, na kingine kinachoficha majibu ya msambazaji halisi. Vifute vyote viwili, toa vifaa vyote, badili nenosiri, weka hatua mbili. Ukibadili nenosiri na kuviacha vichujio, wataendelea kusoma.

Kama umeshalipa, nenda benki yako saa hiyohiyo, omba muamala urudishwe na upewe nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo hayo, ambayo wengi wameizoea kwa jina la MT103. Siku ya kwanza kuna matumaini. Baada ya wiki, fedha imeshapita akaunti kadhaa.

Dalili ya jirani yake: unapokea rundo la barua "imeshindwa kufika" za ujumbe ambao hukuutuma. Aidha sanduku lako linatumiwa, aidha mtu anaandika jina la kikoa chako, yaani anwani ya tovuti yako, kwenye barua zake. Kama sanduku ni safi, mwambie anayekuhudumia kikoa aweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti hayo kwa wanaotuma barua nyingi, kwa hiyo bila rekodi hizo hata matangazo yako halali huenda yakaishia kwenye taka.

Tovuti inawapeleka wateja kwenye kamari, lakini kwangu inafunguka vizuri

Mwenye tovuti na mteja hubishana sana hapa, na wote wako sahihi. Msimbo uliopandikizwa umeandikwa umkwepe msimamizi: humgeuza mtu anayetoka Google tu, au anayetumia simu tu, na pengine mara moja tu kwa siku. Ili uuone, tumia data ya simu badala ya Wi-Fi ya ofisini, fungua dirisha la siri, tafuta jina la duka kwenye Google, ubonyeze matokeo. Kisha andika site: ikifuatwa na anwani ya duka. Zikitokea kurasa za Kijapani zinazouza viatu na saa, umepatikana.

Kwa maduka yaliyojengwa kwa mfumo wa WordPress, sababu ninazokutana nazo ni themu (mwonekano wa tovuti) ya kulipia iliyopatikana bure, plagini (programu ndogo ya nyongeza) isiyosasishwa, na nenosiri la msimamizi linalotumika na watu wanne. Plagini moja inatosha. Septemba 2020 tundu kwenye WP File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, liliwawezesha wezi kupakia faili zao bila hata kuingia kama watumiaji.

Nakili tovuti ilivyo kwanza, na uchafu wake, uiweke pembeni. Halafu tazama orodha ya watumiaji kwa msimamizi usiyemjua. Tazama faili za PHP, yaani za programu, ndani ya wp-content/uploads, mahali pa picha, ambapo kwa kawaida hazina kazi. Tazama wp-content/mu-plugins, maana vilivyomo humo hujiwasha bila kuonekana pamoja na plagini za kawaida. Tazama .htaccess, faili linaloweza kuwageuzia wageni njia. Faili za WordPress yenyewe zibadilishe kwa mpya kutoka chanzo rasmi, plagini vilevile, na badili funguo za siri zilizo kwenye wp-config.php ili kila aliyeingia atolewe. Bekapu irudishe tu kama una hakika ni ya kabla ya uvamizi. Bekapu ya wiki iliyopita inaweza kuwa na mgeni huyohuyo, na hapo ndipo watu husafisha mara tatu bila kupona.

Mwisho fungua Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, kagua kama kuna mmiliki mwingine aliyejiongeza, mtoe. Kama Google imeweka ukurasa mwekundu wa onyo, omba ukaguzi baada ya kusafisha. Ukaguzi wa virusi huchukua siku chache. Wa kurasa za uchafu unaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukiomba kabla hujamaliza, unajichelewesha.

Kadi za wateja zinatumika baada ya kununua kwangu

Simamisha malipo ya kadi leo, kisha ndiyo uchunguze. Mwaka 2018 wezi waliongeza mistari 22 ya msimbo kwenye ukurasa wa malipo wa British Airways, na taarifa za kadi zikawa zinanakiliwa kwenda baways.com kwa takriban wiki mbili huku tiketi zikitoka kama kawaida. Shirika lilitozwa faini ya pauni milioni 20 mwaka 2020. Duka dogo halina sababu ya kugusa namba ya kadi kabisa. Mteja apelekwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo.

Tovuti haifunguki kabisa

Kila mtu hufikiri ni mashambulizi. Angalia kwanza kama kikoa hakijaisha muda, hasa kama kilisajiliwa na kijana aliyetengeneza tovuti kwa jina na barua pepe yake. Kikoa kiwe kwa jina lako. Mafuriko ya maombi, yaani seva kuzidiwa na maombi mengi ya makusudi kwa mpigo, yapo kweli. Julai 2023 yaliiangusha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Lakini kwa duka la mikoba, ankara ya hostingi ndiyo ya kutazama kwanza. Ikiwa ni mafuriko kweli, huduma kama Cloudflare iliyo mbele ya seva hupunguza makali, hata kwa kifurushi cha bure.

Mafaili yamebadilika majina na kuna barua ya kudai fidia

Chomoa waya wa mtandao, usiizime mashine wala usiiumbize (format). Pakia mfano wa faili moja kwenye nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Baadhi ya virusi vina funguo za bure pale. Kama hakuna, kilichobaki ni bekapu iliyokuwa haijachomekwa.

Pa kuripoti

Tanzania, namba ya tapeli itume 15040. Kwa hasara ya fedha nenda kituo cha polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako, kwa kuwa benki na mtandao wa simu wataiuliza. Makosa haya yako chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya, ujumbe wa ulaghai kwa wateja wa Safaricom hutumwa 333, na kituoni utapewa namba ya OB, kitabu cha matukio. Ikiwa majina, namba na anwani za wateja wako zimevuja, kuna jambo la ziada: Kenya, Kamishna wa Data hujulishwa ndani ya saa 72 pale wateja wanapokuwa hatarini kudhurika, Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022. Zile skrinishoti ulizopiga kabla ya kufuta chochote ndizo watakazoomba kwanza.